Mbaruk Wawili: makosa ya mwendelezo, kutoka Dragon Ball hadi Takaungu

Najua nimekuwa kimya. Wengi mnanijua kwa habari za programu na kompyuta, na leo pia nitaanzia hukohuko, ila tutaishia kwenye historia. Vumilieni.

Mwezi uliopita niliandika programu ndogo ya kuhifadhi nasaba. Wazee wa hapa Takaungu wana karatasi, wana madaftari, na yaliyomo vichwani mwao ni mengi zaidi. Nikaona niyaingize kwenye databesi kabla hayajapotea. Kazi ya jioni tatu tu, nilijiambia. Jioni ya pili programu ikakuta majina mawili yanayofanana kabisa: Mbaruk bin Rashid na Mbaruk bin Rashid. Kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nimeiamuru iondoe majina yanayojirudia, ikawaunganisha, wakawa mtu mmoja.

Nilimwonyesha ami yangu matokeo. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwanangu," akasema, "huyu alipotoka Takaungu akakimbilia Gazi kuomba himaya, aliiomba kwa nani? Kwake mwenyewe?"

Nilicheka, lakini usiku sikulala vizuri. Kosa lile nililijua. Nimelikuta mara nyingi kwenye manga, zile katuni za Kijapani ninazozipenda tangu utoto.

Kwa wasiozifahamu: manga kubwa hutoka sura moja kila wiki, miaka nenda miaka rudi. Dragon Ball ya Akira Toriyama ilianza 1984 na kumalizika 1995, vitabu 42. Mtu akitunga kila wiki kwa zaidi ya miaka kumi, lazima asahau. Mle ndani kuna mwanamke anaitwa Lunch, ambaye akipiga chafya hugeuka kutoka mpole kuwa jambazi mwenye bunduki. Mwanzoni yumo kila mahali. Kisha anatoweka. Hafi, wala haagwi. Toriyama, aliyefariki Machi 2024, alikiri waziwazi kwamba alimsahau tu! Yuko pia Piccolo, ambaye mwanzoni anatambulishwa kama shetani, halafu baadaye tunaambiwa kumbe ni mtu wa sayari nyingine iitwayo Namek. Hadithi ilikuwa imekua, na shetani wa zamani hakutosha tena.

Kwa hiyo makosa ya mwendelezo yako ya namna mbili. Kuna kusahau, na kuna kurudi nyuma kubadilisha ili ya jana yalingane na ya leo. Ukiyaangalia vizuri, unaona msimuliaji alikuwa na haja gani wakati ule.

Habari za Pate

Pwani yetu ina mfululizo wake mrefu. Namaanisha Habari za Pate, historia ya masultani wa Kinabahani wa kisiwa cha Pate. Msimuliaji wake mkuu tunayemjua ni Muhammad bin Fumo Omar Nabahani, maarufu kama Bwana Kitini, mtu wa ukoo huohuo, aliyesema ameipokea kutoka kwa babu yake. Hati ya asili inasemekana iliteketea Witu mwaka 1890, Waingereza walipouvamia na kuuchoma mji baada ya Wajerumani kuuawa huko. Kwa lugha yetu ya kompyuta: mashine kuu imeungua, na nakala ya akiba imebaki kichwani mwa watu.

Kisha nakala zikaanza kuzaana. Stigand alichapisha yake kwa Kiingereza 1913. Alice Werner akachapisha ya Kiswahili pamoja na tafsiri mwaka 1914 na 1915. Mjerumani Voeltzkow akaja na yake 1923. Hati nyingine nne zimo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Marina Tolmacheva alizihariri na kuzitafsiri mwaka 1993. Nyingi zinarudi kwa Bwana Kitini yuleyule, na bado hazilingani. Toleo moja linaanza mwaka 77 wa Hijria, khalifa Abdul Malik bin Marwan akituma watu waje kujenga miji ya pwani. Jingine linaruka yote hayo na kuanza mwaka 600 wa Hijria, yaani 1203 au 1204, Suleiman Nabahani anapofika Pate na kumwoa binti wa mfalme wa hapo.

Hapo ndipo msomaji wa manga anapoinua kidole. Suleiman, tunaambiwa, alikuwa mfalme Uarabuni akaondolewa. Lakini historia ya Oman inawaonyesha Nabahani wakiendelea kuwa na enzi huko kwa karne kadhaa baadaye, mpaka Yaarubi waliposhika hatamu mwaka 1624. Tena tunaambiwa kwamba katika karne ya 14 Sultani Omar wa Pate aliiteka pwani karibu yote. Ibn Battuta alisafiri pwani hii mwaka 1331, akaandika juu ya Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Pate hata kuitaja, hakuitaja.

Mwaka 1969 mwanaakiolojia Neville Chittick aliandika makala kali. Kwa mujibu wake, Pate haikuwa mji wa maana kabla ya karne ya 14, na tarehe za mwanzo za Habari haziaminiki. Kwa muda mrefu wengi walifuata hivyo. Futa, futa, futa, kama programu yangu! Halafu Thomas Wilson na Athman Lali Omar wakachimba tena palepale Pate, na ripoti yao ilipotoka 1997 ilionyesha tabaka za makazi ya karne nyingi kabla ya tarehe aliyoiweka Chittick. Mji ulikuwa mkongwe kweli. Hilo halimfanyi Suleiman wa 1203 kuwa kweli, wala halimpi Omar ile pwani nzima. Lakini Bwana Kitini aliposema mji wake ni wa kale, hakuwa akiota. Alikuwa na kumbukumbu ya kweli iliyovalishwa tarehe zisizoikaa.

Na haja yake ilikuwa nini? Yeye ni mtu wa ukoo uliopoteza Pate, ukahamia Siyu, ukahamia Witu, na Witu nayo ikachomwa. Mtu wa namna hiyo akiulizwa habari za wazee wake, ataanza kwa kuteka pwani yote. Ningekuwa mimi, ningefanya vivyo hivyo.

Kipindi kinachotuhusu sisi

Sasa Takaungu inaingiaje? Inaingia kwa mlango wa Shela. Mnamo 1812 au 1813 watu wa Pate, wakishirikiana na Mazrui waliokuwa wakitawala Mombasa, walikwenda kuipiga Lamu. Walishindwa pale Shela, na walipokimbilia vyombo vyao wakakuta maji yamekupwa, vyombo vimekaa juu ya mchanga. Lamu nayo ina historia yake, iliyochapishwa 1938, ambayo inakitazama kisa hiki kutoka upande wa pili wa mchanga uleule. Baada ya Shela, Lamu iliomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman. Mazrui hawakupata nguvu zile tena, na mwaka 1837 Seyyid Said akaichukua Mombasa. Baadhi ya wakubwa wa Mazrui walikamatwa na kupelekwa uhamishoni. Waliosalia waligawanyika: watu wa tawi la Uthman wakaenda Gazi, kusini; watu wa tawi la Zaheri wakaja Takaungu.

Na hapo tunafika kwa Mbaruk wangu wawili. Mapema 1895 Sheikh Salim bin Khamis wa Takaungu alifariki. Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikiendesha pwani ikamkubali mwanawe, Rashid bin Salim. Lakini binamu yake, Mbaruk bin Rashid, aliona kiti ni haki yake kwa desturi ya ukoo, akaasi pamoja na ndugu yake Aziz. Aliposhindwa kustahimili akakimbilia kusini kwa mzee wa Gazi, ambaye naye jina lake ni Mbaruk bin Rashid. Mzee akakataa kumtoa mgeni wake, na ugomvi wa nyumba moja ukawa vita vya pwani nzima. Viliisha Aprili 1896, mzee wa Gazi alipovuka na wafuasi wake kuingia upande wa Wajerumani.

Mkiwaunganisha wawili hawa, vita vinapoteza sababu. Kinachobaki ni mkorofi mmoja asiyeeleweka anataka nini. Kinachofutika hasa ni ule mlango uliofunguliwa: mzee aliyeweka hatarini kila alichokuwa nacho kwa ajili ya kijana wa tawi jingine. Ami yangu aliliona hilo kwa sekunde tano. Mimi, na kompyuta yangu yote hiyo, sikuliona.

Yule asiye na safu

Nikarekebisha programu. Nikampa kila mtu namba yake ya kipekee, nikafurahi, nikatangaza kwamba kazi imekwisha. Jioni ya tatu akaja bibi mmoja wa mtaani. Nikamwamkia, akaketi, akasema na yeye anataka babu yake aandikwe.

"Jina lake, bibi?"

"Feruzi."

"Feruzi bin nani?"

"Feruzi. Aliishi Fuladoyo kabla ya kurudi pwani."

Nikaandika, nikabonyeza kitufe. Skrini ikatoa maandishi mekundu: JINA LA BABA LINAHITAJIKA. Bibi hajui kusoma herufi hizo, lakini rangi nyekundu anaijua. Akaniuliza kama kuna tatizo.

Kwa wasiojua: mashamba ya mtama, mahindi na ufuta yaliyoitajirisha Takaungu katika karne ya 19 yalilimwa na watumwa. Fuladoyo, huko bara kwenye nchi ya Wagiriama, ilikuwa kijiji cha watoro waliokimbia mashamba hayo. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Watu hawa wamo katika kila sura ya hadithi yetu. Ndio waliolima, waliobeba, waliopigana upande huu na ule, na ndio waliokula hasara. Lakini katika nasaba zilizotungwa kwa ajili ya viti na urithi hawana "bin". Ni Lunch wetu, ila hawa hawakupotea kwa bahati mbaya. Toriyama alimsahau mhusika mmoja kwa sababu ya haraka ya kila wiki. Sisi tulisahau kwa utaratibu, na mimi nilikuwa nimeuandika utaratibu huo upya kwa mkono wangu, nikauita sharti la databesi.

Nilimwambia bibi hakuna tatizo, ni mimi niliyekosea. Nikafungua kodi mbele yake, nikaliondoa sharti. Dakika mbili. Kisha nikaongeza safu mbili nyingine: "Nani amesimulia" na "Nani anasimulia tofauti". Sasa programu haifuti chochote. Ikikuta majina yanayofanana inauliza, na habari zikipingana inaziweka zote mbili ubavu kwa ubavu, kama zile hati nne za Dar es Salaam. Jedwali limekuwa bovu kwa macho ya mwalimu yeyote wa databesi, najua. Potelea mbali.

Wale mnaoandika programu za nasaba, misikiti, shule au vyama vya mazishi, liangalieni lile sharti la jina la baba kabla hamjaifikisha kazi yenu kwa watu.

Bibi alinitaka nimsomee nilichoandika. Nikasoma: Feruzi, wa Fuladoyo, kisha Takaungu, amesimulia mjukuu wake. Akaniambia nisome tena.