Mazoezi hulinda mishipa ya damu ya manusura wa saratani

KWA mgonjwa wa saratani kutoka Voi, Mwatate, Wundanyi au Taveta, siku ya kumaliza matibabu ni siku ya shangwe. Hata hivyo, dawa zilizoangamiza uvimbe huenda ziligusa pia moyo na mishipa ya damu, na madhara hayo yanaweza kujitokeza miaka mingi baadaye.

Utafiti uliofanywa Marekani umeonyesha kwamba miongoni mwa wanawake wazee waliotibiwa saratani ya matiti, maradhi ya moyo na mishipa huua wengi kuliko saratani yenyewe.

Jambo hili ni zito kwa Kenya, ambako wagonjwa wapya wa saratani walikadiriwa kuwa zaidi ya 44,000 mwaka wa 2022. Saratani za matiti, mlango wa kizazi, tezi dume na umio ndizo zinazoongoza.

Utando ulio hai

Ndani ya kila mshipa wa damu mna utando wa safu moja ya seli. Damu inapopita kwa kasi, utando huo hutoa gesi ya nitriki oksidi, ambayo hulegeza misuli ya mshipa ili utanuke. Ugunduzi huo uliwapa Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad wa Marekani Tuzo ya Nobel mwaka wa 1998.

Dawa kama doksorubisini, pamoja na mionzi inayoelekezwa kifuani, huweza kuujeruhi utando huo. Mshipa hukakamaa, shinikizo la damu hupanda na mafuta huanza kuganda kwenye kuta zake.

Watafiti huupima utando kwa kuubana mkono kwa mkanda kwa dakika 5, kisha kuufungua na kutazama kwa mashine ya mawimbi ya sauti jinsi mshipa unavyotanuka. Mshipa wenye afya hutanuka zaidi.

Mazoezi hufanyaje kazi?

Mtu anapotembea kwa haraka, damu huenda mbio na msukumo wake huuamsha utando. Zoezi likirudiwa kwa wiki kadhaa, utando huimarika. Uchambuzi uliochapishwa mwaka wa 2018, ingawa ulitegemea majaribio machache na madogo, ulionyesha kuwa mishipa ya manusura waliofanya mazoezi ilitanuka vyema zaidi.

Mwaka wa 2025, matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana yalionyesha faida nyingine. Baada ya miaka 8, asilimia 90 ya waliofanya mazoezi kwa mpango maalumu walikuwa hai, ikilinganishwa na asilimia 83 ya waliopewa maelezo pekee.

Mwongozo wa wataalamu wa mwaka wa 2019 unapendekeza mazoezi ya dakika 30, mara 3 kwa wiki, na ya kuimarisha misuli mara 2. Kasi ifaayo ni ile inayomruhusu mtu kuzungumza lakini si kuimba.

Tahadhari

Voi ni mji wa joto, kwa hivyo asubuhi na jioni ndizo saa bora za kutembea. Lakini mji huo umepakana na mbuga ya Tsavo Mashariki, na tembo huingia makazini. Ni heri kungoja jua lichomoze, kufuata njia zenye watu na kuandamana na wenzako.

Wakazi wa milima ya Taita waanzie mahali tambarare kabla ya kukabili miinuko. Kulima na kuteka maji pia ni mazoezi. Ila mwanamke aliyeondolewa tezi za kwapani aongeze uzito wa mzigo kidogo kidogo, na mkono ukivimba amwone daktari.

Kabla ya kuanza, manusura apimwe shinikizo la damu, sukari na wingi wa damu. Ambaye saratani imefika kwenye mifupa anahitaji ushauri wa pekee. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi ni ishara ya kusimama mara moja na kutafuta matibabu.

Mazoezi hayachukui nafasi ya dawa, na faida yake hufifia mtu anapoyaacha. Jamaa wanaomzuia manusura asiinuke kitini kwa kumhurumia wangemfaa zaidi kwa kutembea naye.