Neno "Shoti" na Hitilafu za Mashine ya Kukereza

Miongoni mwa kazi zilizoletwa mezani petu kutafsiriwa ni kijitabu cha maelekezo ya mashine ndogo ya kukereza chuma, ya aina inayofungwa juu ya meza katika karakana ya nyumbani. Sehemu inayohusu kukereza kwenyewe haikutuchosha. Kurasa chache za mwisho, zinazohusu hitilafu za umeme, zilitushinda kwa siku kadhaa. Tulipotafuta sababu tuliikuta katika historia ya maneno yenyewe, nayo ndiyo tunayokusudia kuieleza hapa.

Kitenzi "kereza" ni cha zamani. Kabla ya umeme kufika pwani, mkereza alikuwa fundi anayejulikana. Alizungusha mti na kuutia patasi hadi ukawa mviringo, na kazi yake ilionekana katika miguu ya vitanda na viti. Chombo chake kiliitwa kerezo. Kwa hiyo Henry Maudslay wa London alipounda, karibu na mwaka 1800, mashine yake mashuhuri ya kukata hesi za parafujo, alikuwa akiendeleza kazi ambayo lugha yetu tayari ilikuwa na jina lake. Nguvu ya kuizungusha mashine imebadilika, kutoka mguu hadi mvuke, na kutoka mvuke hadi mota, kitenzi hakikubadilika.

Umeme una historia nyingine. Neno lenyewe lilikuwa jina la mmweko wa angani wakati wa mvua, likapanuliwa maana. (Wenzetu wengi wa Kenya husema "stima", neno lililotokana na mvuke, na hakuna anayedhurika kwa hilo.) Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilianzisha umeme wa umma Dar es Salaam, nao ulihudumia karakana za reli na sehemu ya mji walimokaa maofisa wake. Hivyo umeme na karakana ya chuma viliingia kwa mlango mmoja. Waingereza waliposhika utawala, maneno ya kazi hiyo yakatoka kwao: swichi, fyuzi, plagi, waya, mota. Hayakungoja kamati. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikuwa na shughuli nyingi za tahajia na vitabu vya shule, na msaidizi wa fundi hakuwa na nafasi ya kusubiri. Alilisikia neno, akalitamka kwa ulimi wake, kazi ikaendelea.

Mojawapo ya maneno hayo ni "shoti". Kwa asili yake lina maana finyu: umeme kupita kutoka waya mmoja hadi mwingine kwa njia ya mkato, bila kupitia katika mota. Lakini vinywani mwa watu neno hili limekuwa gunia. Mashine isipowaka, ina shoti. Ikiunguza fyuzi, ina shoti. Ikimtetemesha mtu, imempiga shoti. Neno moja linabeba hitilafu, dalili yake, na hata madhara yake mwilini.

Sasa tutazame yale ambayo kijitabu kinamtaka msomaji ayatenganishe. Mota ikivuma bila kuzunguka, aghalabu hapana shoti yoyote. Katika mota nyingi za fezi moja ni kapasita ya kuanzishia iliyokufa, au ile swichi ya ndani, inayoiondoa kapasita mota ikishashika mwendo, haikurudi mahali pake. Mashine ikiwa kimya kabisa, huenda waya umekatika, fyuzi imeungua, au, kwa mota za brashi, kaboni zimekwisha. Fyuzi ikiungua papo hapo kila swichi inapowashwa, hapo twaweza kusema shoti bila kusita, na sababu mojawapo katika mashine ya namna hii ni chembe za chuma zinazoruka wakati wa kukereza na kuingia katika kisanduku cha swichi. Kisha kuna hali ambayo mashine inafanya kazi vizuri, lakini anayegusa mwili wake hutetemeshwa: umeme umevuja hadi kwenye chuma, na waya wa ardhi haukufungwa au umekatika.

Hali hii ya mwisho ndiyo iliyotufanya tusimamishe kazi. Rasimu yetu ya kwanza ilisema: "Mashine ikiwa na shoti, badilisha fyuzi." Kwa fyuzi iliyoungua ni shauri pungufu, kwa umeme unaovuja ni shauri la kuua. Sehemu ndogo tu ya ampea moja, ikipita kifuani, yatosha kuusimamisha moyo, na fyuzi ya ampea 13 haina habari nayo.

Palikuwa na pendekezo la kulifuta neno shoti na kuweka "mzunguko mfupi". Tulilikataa, maana fundi angedhani tunazungumzia kamba. Shoti tumeiacha, ila tumeifunga katika maana yake ya kwanza. Kwa chuma kilichoingiwa na umeme tumetumia "kuvuja", neno ambalo kila mwenye paa bovu analielewa. Kwa mwili wa mtu tumeandika "kupigwa na umeme". "Mkatiko" ulitupa shida, kwa kuwa umeme ukikatika watu hufikiria mtaa mzima kuwa gizani. Basi kila mahali tumeandika "waya umekatika", ingawa sentensi imerefuka.

Rangi za waya nazo hazitafsiriki hivi hivi. Katika utaratibu wa zamani wa Kiingereza, waya wenye umeme ulikuwa mwekundu, wa nyutro mweusi, na wa ardhi kijani. Katika utaratibu mpya ni kahawia, buluu, na kijani chenye mstari wa njano. Na penye fezi tatu, mweusi sasa ni mmojawapo wa nyaya zenye umeme. Majengo yenye rangi za zamani bado yapo. Kwa hiyo kila rangi tumeiandikia na kazi ya waya wake.

Mstari uliobadilishwa sasa unasomeka hivi: "Ukitetemeshwa unapogusa mashine, usiiguse tena. Zima umeme ukutani, chomoa plagi, kisha mwite fundi apime waya wa ardhi. Kapasita hubaki na chaji hata plagi ikiwa imechomolewa, usiiguse." Ukurasa umezidi kwa mistari 7, na mchapaji amekwisha kulalamika.