Kivuli cha Mzee Wakil

Karatasi ya kura ya Urais wa Zanzibar ya Oktoba 1985 ilikuwa na mgombea mmoja tu, Idris Abdul Wakil. Mpiga kura hakuulizwa anamtaka nani. Aliulizwa kama anamkubali huyo ambaye chama kilikwishamteua, na majibu yalikuwa mawili: Ndiyo au Hapana. Zama zile za chama kimoja watu walikuwa na msemo kwamba mgombea anashindana na kivuli, na kivuli kwa kawaida hakina lake. Mwalimu Nyerere alikibwaga uchaguzi baada ya uchaguzi kwa asilimia 90 na ushei. Safari hii, Unguja na Pemba, kivuli kiliambulia karibu kura nne katika kila kumi.

Na waliokipa kura hizo hawakuwa na chama kingine cha kukimbilia. CCM ilizaliwa Februari 1977 kwa kuunganisha TANU na Afro-Shirazi, na tangu siku hiyo nyumba ilikuwa moja. Waliosema Hapana waliisemea humo humo ndani.

Ili kuelewa walikuwa wamekerwa na nini, turudi nyuma miezi ishirini hivi. Mwishoni mwa Januari 1984, katika kikao cha chama Dodoma, Rais Aboud Jumbe alijiuzulu baada ya kubanwa kuhusu msimamo wake juu ya muundo wa Muungano. Nafasi yake ikashikwa na Ali Hassan Mwinyi, na Waziri Kiongozi akawa Maalim Seif Sharif Hamad, Mpemba wa miaka 40. Wawili hao walilegeza biashara. Kabla yao, mchele, unga na sukari vilikuwa vitu vya foleni, na mama wa Ng'ambo alijua siku ya mgao kama anavyojua siku ya Ijumaa. Sasa mfanyabiashara mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza mali. Maduka ya Darajani yakajaa vitambaa, redio na sabuni za kunukia, na watu wa Dar es Salaam wakawa wanavuka bahari kuja kununua. Kwa watu waliokuwa wakipanga foleni ya sukari, hayo hayakuwa mageuzi ya kusimuliwa kwenye hotuba. Waliyaona ndani ya kapu.

Mwaka 1985 Nyerere akaamua kung'atuka, na mwezi Agosti chama kikamteua Mwinyi kugombea Urais wa Muungano. Kiti cha Zanzibar kikabaki wazi. Mbele ya Halmashauri Kuu ya Taifa yalifika majina mawili, Wakil na Seif, na Wakil akapita kwa tofauti ndogo.

Mzee Wakil hakuwa mgeni kwa mtu. Alikuwa mtoto wa Makunduchi, kule kusini kunakofanyika Mwaka Kogwa kila Julai, mwalimu wa zamani aliyekuja kuwa waziri, balozi na hatimaye Spika wa Baraza la Wawakilishi. Sidhani kama wengi walikuwa na ugomvi naye yeye binafsi. Pemba walimwona mtoto wao ameenguliwa, na huko Hapana zilimiminika. Mjini, hofu ilikuwa kwamba huyu ndiye atakayerudisha foleni. Wazee wa Mapinduzi nao walikuwa na hofu yao: vijana hawa wa Seif, wanaojiita watu wa mstari wa mbele, watawarudishia Hizbu, mahasimu wa zamani wa Afro-Shirazi, kwa mlango wa nyuma.

Sasa mfikirie mpiga kura mmoja wa Kikwajuni asubuhi ile. Baba yake alikuwa Afro damu. Nyumbani amelelewa na hadithi za zama za siasa, miaka ya 1957 hadi 1963, watu waliposusiana maduka, harusi na hata maziko kwa sababu ya chama. Anajua kwamba Januari 1961 Afro-Shirazi ilipata viti 10 kati ya 22, kimoja kati ya hivyo, cha Chake Chake, kwa kura moja. Anajua pia kwamba Julai 1963 chama hicho hicho kilipata zaidi ya nusu ya kura zote na bado kikakosa serikali. Mtu aliyelelewa hivyo hachezei kura. Kadi yake iko mfukoni, balozi wa nyumba kumi anamjua kwa jina na kwa ukoo, na mgombea aliyeletewa hamtaki. Lakini akishaingia peke yake na ile karatasi anakuta amewekewa pa kusemea. Anaweza kumkataa mtu na asikikane chama. Hakuna adui atakayefaidika, maana kivuli hakiapishwi.

Huo ndio ugeni wa mfumo ule, na mimi huona hatujautazama vya kutosha. Tumezoea, na ni haki, kuusema kwa ubaya wake: jina moja, chama kimoja, na matokeo yanayojulikana kabla ya jogoo kuwika. Ila uliacha kitundu. Wakil alitangazwa mshindi kwa takriban asilimia 61, na kila aliyekuwa akiishi kwa siasa Kisiwandui, makao makuu ya chama Zanzibar, alizisoma zile 39 zilizobaki. Mwezi huo huo Mwinyi, wa chama hicho hicho, alivuka asilimia 90 nchi nzima.

Rais mpya alimwacha Seif katika Uwaziri Kiongozi, na kwa miaka miwili wakakaa kama wake wenza. Januari 1988 Wakil alilivunja Baraza la Mawaziri. Lilipoundwa upya Seif hakuwemo, na nafasi yake ikachukuliwa na Dk. Omar Ali Juma. Mwezi Mei chama kikamfukuza Seif na wenzake sita, akiwemo Hamad Rashid Mohamed na Shaaban Mloo. Mwaka uliofuata Seif akatiwa ndani, na hakutoka hadi Novemba 1991. Wakil mwenyewe hakugombea tena. Mwaka 1990 Dk. Salmin Amour alisimama peke yake akapata zaidi ya asilimia 97, lakini Pemba wengi walikuwa wamesusa hata kujiandikisha. Hapana ilikuwa imehamia nje ya kituo cha kura.

Kisha vikaja vyama vingi mwaka 1992, na ile Hapana ikafutwa kwenye karatasi. Watu hawakuililia, kwa kuwa sasa walikuwa na CUF, chama cha Seif. Ila kwa mwana-CCM asiyempenda mgombea wake hesabu ilibadilika kabisa. Oktoba 1995 Salmin alitangazwa kumshinda Seif kwa kura 165,271 dhidi ya 163,706. Tofauti ni 1,565. Kwa tofauti kama hiyo, mtu wa Donge au Makunduchi aliyechoshwa na Komandoo, kama walivyomwita Salmin, akilala tu nyumbani siku hiyo, amewapa Kafu nchi. Basi wengi walimeza.

Manung'uniko yakarudi kwenye vikao. Mwaka 2000 wafuasi wa Salmin walitaka Katiba ibadilishwe apate muhula wa tatu, chama kikakataa. Kisiwandui wakampendelea Waziri Kiongozi wake, Dk. Mohamed Gharib Bilal, msomi wa fizikia ya nyuklia. Jina lilipofika Dodoma likaangushwa, akapita Amani Karume, mtoto wa Rais wa kwanza. Hasira Unguja haikufichika, lakini kura haziwezi kutuonyesha kina chake: uchaguzi wa Oktoba mwaka ule ulivurugika, ukarudiwa katika majimbo 16 ya Mjini Magharibi, CUF wakasusa, na asilimia 67 aliyotangaziwa Karume haisemi ni nani alimpigia huku amenuna.

Upande wa pili, CUF, walijaribu kinyume chake. Machi 2019, mahakama ilipompa Profesa Lipumba ushindi katika mgogoro wa uongozi wa CUF, Maalim Seif aliwaambia watu wake washushe tanga, wapandishe tanga. Wakaingia naye ACT-Wazalendo. Bendera walizozipepea zaidi ya robo karne zilishushwa, na ofisi za chama zikapakwa rangi ya zambarau. Chama walikiacha kama mtu anavyoacha kanzu iliyochanika. Mgombea wakabaki naye.

Oktoba 2020 Seif aligombea kwa mara ya sita. Mgombea wa CCM alikuwa Dk. Hussein Mwinyi, aliyepitishwa Dodoma mwezi Julai, ambaye aliwahi kuwa mbunge wa Mkuranga, Bara, kabla ya kuja Kwahani, na hilo vibarazani Unguja lilisemwa sana. Ni mtoto wa yule yule aliyekiacha wazi kiti cha Zanzibar Agosti 1985. Karatasi ya kura safari hii ilikuwa ndefu, ina wagombea zaidi ya kumi, kila mmoja na picha yake na nembo ya chama chake.