Mkomani na Langoni: Ushindani Uliojenga Mji wa Amu

Anayeshuka leo kwenye gati la Lamu, au Amu kama wenyeji wanavyoiita, hukanyaga ardhi ambayo miaka mia mbili iliyopita ilikuwa maji. Ngome ya mji ilianza kujengwa mnamo 1813 ikakamilika 1821, na siku hizo mawimbi yalifika karibu na ukuta wake. Sasa kati ya ngome na bahari pana safu nzima ya maduka, nyumba na barabara ya pwani. Katika karne ya 19 ufuo ulijazwa taka na vifusi kidogo kidogo, kisha wenye mali wakajenga juu yake nyumba zenye roshani za kutazama majahazi. Usita wa Mui, ile njia ndefu ya maduka ambayo zamani ilipakana na pwani, ukajikuta umebaki ndani. Kwa hiyo sura ya Lamu inayopigwa picha kuliko zote ndiyo iliyo changa kuliko zote.

Mji wenyewe uko nyuma ya sura hiyo, na tangu zamani umekuwa mji wa nusu mbili. Khabari za Lamu, tarehe iliyoandikwa na Shaibu Faraji al-Bakari na kuchapishwa mwaka 1938, husimulia makazi mawili yaliyopigana, Hidabu upande wa kusini na Weyuni upande wa kaskazini. Iwe ni historia tupu au imechanganyika na hekaya, mgawanyiko huo haukufa. Baadaye wenyeji walijipanga katika makundi ya Zena na Suudi, yakipokezana uongozi na kutiliana shaka. Kufikia karne ya 20 majina yaliyokuwa midomoni mwa watu yalikuwa ya mitaa: Mkomani kaskazini, Langoni kusini.

Uhasama huo uliwekwa kando mara moja kwa kishindo. Mwanzoni mwa miaka ya 1810 Wamazrui wa Mombasa wakishirikiana na watu wa Pate walitua Shela, mwendo wa dakika arubaini hivi kwa miguu kutoka mjini, na Waamu wakawavunja vibaya. Ushindi huo ulikuwa na bei yake. Kwa kuhofia kisasi, wazee walimwomba Seyyid Said wa Oman awape ulinzi. Akawaletea liwali na askari, na ngome ikamaliziwa chini ya mkono wake. Pengine ndio mji pekee wa pwani ulioshinda vita vyake vikubwa na papo hapo ukajikabidhi kwa mfalme wa mbali.

Amani iliyoletwa na ulinzi huo ndiyo iliyoinenepesha Mkomani. Mashamba ya bara, ng'ambo ya mkondo, yalilimwa na watumwa. Boriti za mikoko zilipakiwa kwenda Uarabuni, na fedha ikageuka mawe. Nyumba za Mkomani zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, zikawekwa daka mlangoni la kupokelea wageni, na ndani kabisa ukuta wa zidaka uliochongwa kwa nakshi. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vyote ni virefu na vyembamba. Juu ya vichochoro vilipita viwikio, vyumba vilivyounganisha nyumba mbili, na wanawake wa nasaba kubwa waliweza kutembeleana bila kukanyaga njia. Walipolazimika kutoka, walitembea ndani ya shiraa, hema la kitambaa lililobebwa kwa miti na watumwa wa kike. Adabu ya bibi ilisimama juu ya mikono ya mjakazi, na picha za zamani za shiraa zinalionyesha hilo waziwazi.

Langoni kulikuwa na nyumba za makuti. Huko walikaa Wabajuni waliotoka visiwani, Wahadhrami wenye vijiduka, Wangazija, mabaharia waliongoja upepo, na watumwa walioachwa huru. Biashara ya watumwa baharini ilipigwa marufuku mwaka 1873, na hali ya utumwa ikafutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Mashamba yakakosa mikono, utajiri wa Mkomani ukaanza kupukutika, na Langoni ikazidi kujaa watu.

Mtu aliyeuelewa wakati huo kuliko wengine alikuwa mgeni. Sayyid Saleh bin Alwi Jamalilayl, sharifu kutoka Ngazija anayejulikana zaidi kama Habib Saleh, alifika Lamu akiwa kijana katika nusu ya pili ya karne ya 19. Alisoma kwa masharifu wa mji, akajifunza na uganga wa tiba. Kisha akahamia Langoni, akaanza kuwasomesha watoto ambao hakuna darasa la Mkomani lililowangoja: wana wa watumwa, wa wachukuzi, wa wavuvi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Msikiti wa Riyadha ulikuwa umesimama huko, na chuo kando yake.

Kilichowaudhi wakubwa zaidi ya mafunzo hayo ni Maulidi. Habib Saleh alieneza usomaji wa Maulidi ya al-Habshi, utungo wa mwanachuoni wa Seiwun huko Hadhramaut, na akaruhusu matari yapigwe. Mkomani walikuwa na maulidi yao ya majumbani, ya kukaa kwa utulivu na kunyunyiziwa marashi. Kwao ngoma ndani ya ibada ilikuwa uzushi, tena wa watu wa chini. Mwanaanthropolojia Abdul Hamid el-Zein, aliyeandika kitabu kizima kuhusu mvutano huo mwaka 1974, aliona hapo zaidi ya suala la fikihi: swali lilikuwa nani ana haki ya kumpenda Mtume hadharani. Jibu lilitolewa na miguu ya watu. Habib Saleh alipofariki katikati ya miaka ya 1930, wanafunzi wa Riyadha walikuwa wametapakaa pwani nzima, na wiki ya mwisho ya mwezi wa Mfungo Sita ilikuwa tayari imegeuka msimu wa Maulidi wa mji mzima.

Hadi leo msimu huo hujaza madau kwa wageni kutoka Mombasa, Tanga, Unguja na Ngazija. Usiku ni wa qasida na matari uwanjani mwa Riyadha. Mchana ni wa zefe, goma la wanaume wenye kanzu na bakora, kirumbizi, bao, kuogelea, mbio za mashua na mbio za punda. Punda si pambo hapa. Katika vichochoro visivyopitika kwa gari, ndio wabebao mchanga, mawe ya kujengea na magunia ya unga, na hospitali yao ya bure imekuwapo karibu na pwani tangu 1987. Siku ya mbio vijana huwapanda bila tandiko, barabara ya pwani ikafurika, na mshindi hubaki na jina mwaka mzima.

Ushindani haukuishia kwenye dini. Enzi za ukoloni nusu mbili ziliunda bendi za beni, zikapigana kwa tarumbeta, sare na karamu zilizowaacha wengine na madeni. Mashairi ya kujibizana yalihitaji watunzi, na mji haukupungukiwa nao. Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, alitunga, akapiga kibangala, akachonga milango na kunakili miswada kwa mkono mzuri ambao wataalamu wa Ulaya waliulipia.

Ngome nayo ilizungukwa na maisha ikiwa imefungwa. Kuanzia 1910 hadi 1984 ilikuwa gereza, huku wazee wakizungumza barazani Mkunguni, mbele ya lango lake, na samaki wakiuzwa nyuma ya ukuta. Baada ya wafungwa kuhamishwa, Makumbusho ya Taifa yaliichukua, na leo harusi na mikutano hufanyika uani. Mwaka 2001 UNESCO iliuandika mji katika urithi wa dunia, jambo lililopandisha bei ya nyumba za Mkomani na kuwaleta wanunuzi wa Kizungu. Baadhi ya waliouza wamehamia pembezoni, kwenye nyumba za bloku.

Halafu ikaja bandari mpya. Mradi wa LAPSSET, ambao bandari hiyo ni sehemu yake, ulizinduliwa Machi 2012, na gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021, ng'ambo ya Lamu. Wavuvi waliopoteza mikondo yao walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua walipwe shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata Baraza la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa jirani. Mkomani na Langoni walikuwa upande mmoja, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Mojawapo ya sababu za hukumu ya kufuta leseni hiyo ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, katika mji ambao karibu kila mlango wa zamani umewekewa baraza mbili za kukalia na kubishania.