Kupekua kwa Darubini: Istilahi ya Wawindaji wa Milimani

Kupekua kwa darubini ni kukaa mahali palipoinuka na kuusaka mlima wa ng'ambo kwa macho, kipande baada ya kipande, mpaka mnyama aliyejificha aonekane kabla yeye hajajua kwamba anatafutwa. Wawindaji wa magharibi ya Marekani huita kazi hiyo glassing, kitenzi kilichoundwa kutokana na jina la kioo, kwa kuwa katika mazungumzo yao darubini ni "kioo" tu. Mgeni anayekwenda Milima ya Rocky kujifunza kuwinda ayala hufundishwa jambo hili mapema kuliko kunyatia, na mara nyingi hulidharau, kwa sababu kwa mtu anayepita mpekuaji huonekana amekaa tu.

Kiswahili hakikosi maneno ya kujaribia. "Kutazama kwa darubini" hakuna kosa, ila hakutoshi: mtalii wa Ngorongoro hutazama faru kwa darubini baada ya dereva kumwonyesha alipo, ilhali kazi inayozungumzwa hapa huanza wakati hakuna ajuaye kama mnyama yupo. "Kuchungulia" kuna tundu na siri ndani yake. "Kupeleleza" kumekwishachukuliwa na polisi, tena kunabeba mengi mno, yakiwemo nyayo, kinyesi, ramani na maswali kwa wenyeji. "Kupiga darubini" kungekaa vizuri karibu na kupiga pasi na kupiga picha, na huenda ndiko kutakakopendwa na wasemaji, lakini hakuelezi namna kazi inavyofanywa. Kupekua kunaeleza. Kuku hupekua jalala kwa kuchakura mahali padogo, kuangalia, kisha kusogea hatua moja. Na askari mwenye hati hupekua nyumba chumba kwa chumba, akiamini kwamba kilichofichwa kimo humohumo. Kasoro ya neno hili ni moja: mpekuzi ni mdaku. Kwa hiyo nomino ya mtendaji ibaki kuwa mpekuaji.

Jina la mnyama anayewindwa huko nalo linadai uangalifu. Waingereza na Wamarekani humwita mule deer, kwa masikio yake makubwa yanayofanana na ya baghala, mtoto wa punda na farasi. Jina hilo lilitokana na msafara wa Meriwether Lewis na William Clark uliovuka bara kati ya 1804 na 1806. Constantine Rafinesque alipompa jina la kisayansi mwaka 1817, Odocoileus hemionus kwa matumizi ya leo, alishika wazo lilelile, kwani hemionus kwa Kigiriki ni nusu punda. Mfasiri atakayeandika "kulungu nyumbu" atampotosha msomaji mara mbili. Nyumbu kwa Waswahili ni baghala, lakini pia ni yule mnyama wa Serengeti anayevuka mto Mara kwa makundi. Kulungu naye ni mnyama wa misitu ya Afrika, wa ukoo mmoja na ng'ombe na swala, ambaye pembe zake hazidondoki maisha yake yote. Ayala dume huangusha pembe zake kila mwaka baada ya msimu wa kupandana na kuotesha nyingine kuanzia majira ya kuchipua. Kusini mwa Sahara hakuna ayala wa asili hata mmoja. Wa asili walioko Afrika wako kaskazini, kama vile Algeria na Tunisia. Neno ayala, linalojulikana na wasomaji wa Biblia, halina mnyama wa hapa linalomnyang'anya jina, na kwa sababu hiyo "ayala baghala" linafaa zaidi.

Tofauti kati ya kupekua na vitenzi vingine vya uwindaji huonekana wazi pale mwindaji anapobadilisha nchi. Katika misitu ya mashariki ya Marekani anaishi ndugu wa mnyama huyu, ayala mkia mweupe, na njia ya kawaida ya kumpata ni kumvizia: mtu hupanda kwenye jukwaa lililofungwa mtini, karibu na mapito, akasubiri. Kuvizia kunadai ujuzi wa mahali. Anayevizia anajua mnyama hutoka wapi, hunywa wapi na hupita saa ngapi, na mara nyingi amejifunza hayo kwa miaka, katika shamba la familia au la jirani. Kufuata nyayo, ufundi unaoheshimiwa sana Afrika Mashariki na ambao Wahadzabe wa bonde la Eyasi wanaufahamu kuliko wengi, kunadai ardhi inayotunza alama na mfuatiaji anayejua alama ya leo na ya jana. Mtu aliyetoka huko mashariki, tuseme Ohio, akifika Colorado au Wyoming katika Milima ya Rocky hana kimoja wala kingine. Mbele yake kuna korongo lenye upana wa kilomita mbili, mawe yasiyoshika nyayo, na hewa nyepesi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari inayomkata pumzi baada ya hatua mia. Akienda kutafuta kwa miguu, atawaona ayala wakikimbia, kwa ile miruko yao ya miguu minne kutua pamoja. Jicho basi hutembea badala ya mguu. Kupekua hakumpi mgeni mnyama peke yake. Saa nyingi za kukaa na kutafuta humfunza mlima wenyewe, na hapo ndipo ilipo thamani yake kubwa kwa anayejifunza.

Kazi huanza kabla ya safari, kwenye ramani. Ramani za Shirika la Jiolojia la Marekani za kipimo cha 1:24,000 huonyesha kimo kwa mistari ya kontua, na mistari iliyosongamana ni mteremko mkali. Kinachotafutwa ni mahali pa kukaa, si mahali pa mnyama: kigongo au mwamba unaotazamana na mbavu kadhaa za mlima, unaofikika gizani bila kukatiza malisho. Ziko pia ramani zinazoonyesha ardhi ni ya nani. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ni misitu ya taifa na ardhi ya umma iliyo wazi kwa kila mwenye leseni, lakini imechanganyika na mashamba ya watu binafsi. Majimbo yameigawa katika maeneo yenye namba, na leseni hutaja eneo. Colorado hutoa leseni za ayala kwa bahati nasibu. Mfasiri wa Tanzania atashawishika kuyaita maeneo hayo vitalu, na hapo ajihadhari, kwa sababu kitalu cha uwindaji hukodishwa kwa kampuni, na eneo la Colorado halikodishwi kwa yeyote. Mwandishi wa Kenya ana ugumu wa namna nyingine: uwindaji ulipigwa marufuku huko mwaka 1977, na msamiati wake umekosa matumizi tangu hapo.

Mbavu za mlima hazilingani, na jambo hili ni geni kwa aliyekulia karibu na Ikweta, ambako jua la adhuhuri huegemea kaskazini miezi kadhaa na kusini miezi mingine. Katika Milima ya Rocky jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima. Ubavu unaoelekea kusini hukauka, huota nyasi na vichaka vya kijivu vya jamii ya pakanga, na theluji yake huyeyuka mapema. Ubavu wa kaskazini hubaki na kivuli, unyevu na misonobari mizito. Ayala hula upande ulio wazi alfajiri na jioni. Jua likipanda, huhamia kivulini na kulala, chini ya ukingo wa mwamba au kando ya mti wa jamii ya mtarakwa. Huchagua malalo yenye upepo mgongoni na bonde mbele ya macho, hata adui anayekuja kwa nyuma anuswe na anayekuja kwa mbele aonekane.

Vifaa ni vichache. Darubini, neno lililotoka Uajemi likiwa na maana ya "mwona mbali", huandikwa namba mbili, mathalani 10x42. Ya kwanza ni ukuzaji: mnyama aliye mita 1,000 huonekana kana kwamba yuko mita 100. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Ukigawa 42 kwa 10 hupatikana 4.2, upana wa mwale wa nuru unaoingia jichoni, na ndiyo maana darubini yenye lenzi ndogo hufifia mapema jioni ingawa ukuzaji ni uleule. Kuna za 15x56 kwa mabonde mapana, na darubini ya jicho moja yenye ukuzaji wa 20 hadi 60 kwa kuhakiki pembe za mnyama aliyekwishapatikana. Lakini kifaa kinachobadilisha kazi yenyewe ni stendi ya miguu mitatu. Mkono hutetemeka, na mtetemo hukuzwa pamoja na picha; darubini ikifungwa kwenye stendi, sikio linalopepesuka kilomita moja mbali huonekana kama sikio. Afadhali darubini ya bei ya kati juu ya stendi kuliko ya bei kubwa mkononi.

Nuru inapoanza, mpekuaji hupitia kwanza mahali pote palipo wazi, haraka, kwa macho na kwa darubini, maana ayala wanaokula hujionyesha. Hatua hiyo ni fupi. Baada ya nusu saa au saa moja huanza upekuzi wenyewe. Mlima hugawanywa kwa fikra katika mistari. Darubini huelekezwa kwenye mwanzo wa mstari na kuachwa imetulia, kisha jicho ndilo linalotembea ndani ya duara, juu, chini na pembeni, kabla ya darubini kusogezwa kidogo huku sehemu ya duara la kwanza ikibaki ndani ya la pili. Wageni wengi hufanya kinyume: hupeperusha darubini juu ya mlima mzima, na jicho halishiki kitu.

Tena wageni hao hutafuta ayala mzima, kama alivyo kwenye picha. Ayala mzima haonekani saa nne asubuhi. Kinachoonekana ni mstari mlalo wa mgongo katikati ya mashina yaliyosimama, kiraka cheupe cha matako, mguu mmoja, pua nyeusi, panda ya pembe ikitokeza juu ya kichaka. Pembe za dume wa aina hii hugawanyika mara mbili, tawi likizaa panda nyingine, na umbo hilo mtu akishalizoea hulitambua hata ndani ya matawi makavu. Katika Oktoba na Novemba, miezi ambayo misimu mingi ya bunduki huangukia, manyoya mekundu ya kiangazi yamekwishageuka kijivu, rangi ya pakanga na ya mawe.

Ubavu uliokwishapekuliwa hupekuliwa tena. Jua husogea, kivuli kinahama, na ayala aliyelala hulazimika kuinuka na kujilaza upya. Dakika hizo chache za mchana ni nafasi ambayo aliyerudi kambini kulala huikosa. Kutopata kitu nako kuna maana yake. Madume waliokuwa juu ya mpaka wa miti mwezi wa Agosti, takriban mita 3,500 huko Colorado, huenda Novemba wakawa wameteremka mbali. Huko Wyoming watafiti walieleza mwaka 2014 ushoroba wa ayala hawa wenye kilomita zipatazo 240, kutoka jangwa la Red Desert hadi bonde la Hoback. Bonde tupu lililopekuliwa vizuri kwa siku nzima ni jibu, na mwindaji huhama.

Mnyama akipatikana, kuna kazi moja kabla ya kuondoka. Mlima ulioonekana kutoka ng'ambo hautambuliki ukiwa juu yake: kichaka kimoja huwa vichaka arobaini, na mwamba uliokuwa alama hujificha nyuma ya mwingine. Mwenye busara huchagua alama mbili au tatu zisizofanana, huzipiga picha, na hupima mwelekeo kwa dira. Kisha huhesabu upepo. Hewa baridi ya alfajiri huteremka bondeni. Mteremko ukishapata joto, hewa hupanda. Kwa hiyo anayemwendea ayala kutoka juu husubiri hewa ianze kupanda kwa uhakika, harufu yake ipite mgongoni. Kuanzia hapo kitenzi ni kunyatia, na istilahi ya kupekua imefikia mwisho wake.

Imebaki kueleza kisichohesabiwa kuwa kupekua. Bunduki nyingi za kuwindia zina darubini zake, na ni rahisi kuiinua ili kutazama kitu kinachotembea ng'ambo. Mafunzo ya usalama hukataza jambo hilo kabisa, kwa sababu mtutu hufuata mahali jicho linapotazama, na kinachotembea huenda ni mtu. Colorado hudai cheti cha mafunzo hayo kwa kila mwindaji aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baadaye. Mwenye bunduki hulazimika pia kuvaa rangi ya chungwa au waridi inayong'aa, kichwani na kiwiliwilini, eneo lisilopungua inchi za mraba 500. Rangi hiyo haimharibii uwindaji wake: macho ya ayala hayaipambanui kama ya binadamu yanavyofanya, ilhali mpekuaji wa ng'ambo huiona mara moja.