Bendi Tano za Maisha: Ni Nani Aliyetuchagulia?



Swali lenyewe ni jepesi kulitamka: ukiambiwa utaje bendi au wanamuziki watano unaowapenda kuliko wote, tangu upate akili mpaka leo, utawataja akina nani? Watano tu, sita hairuhusiwi. Mie niliulizwa hapa hapa Thorncliffe Park, usiku mmoja wa mwezi wa pili, theluji imefika hadi kwenye vioo vya magari, nasi tumejikunyata nyumbani kwa rafiki mmoja ghorofa ya kumi na moja tunakunywa chai ya tangawizi na mahamri.

Tulikuwa watu sita. Mwenye nyumba ni Mzanzibari. Alikuwapo bwana mmoja wa Mombasa, dada mmoja wa Bukavu, kijana aliyezaliwa huku huku Toronto kwa wazazi wa Nairobi, na mzee mmoja Muismailia, mzaliwa wa Mombasa, ambaye alikuwa akifanya kazi Kampala mpaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 wawe wameondoka. Kanada ilipokea zaidi ya watu 6,000 katika mkumbo ule, na wengine wao ndio waliokuja kuishi kwenye maghorofa haya. Wa sita ni mie, mtu wa Tanga. Kila mtu akapewa karatasi na kalamu, marufuku kuchungulia.

Nilidhani tutagombana, na kweli tuligombana. Mzanzibari aliandika Siti binti Saad, Ikhwani Safaa, Culture, Bi Kidude, halafu akasita kwenye namba tano hadi chai ikapoa. Wa Mombasa aliandika Zein l'Abdin juu kabisa na kutuambia kwamba asiyemjua Zein asijisumbue kuzungumzia udi. Yule mzee alimweka Juma Bhalo namba moja, na alipoulizwa sababu akajibu kwa Kiswahili chake safi cha Mvita: “Nyimbo zile mimi nazijua mara mbili. Sauti naijua kutoka filamu za Bombay, maneno nayajua kutoka mtaani kwetu.” Kijana wa Toronto aliandika Les Wanyika, maana ndiyo kanda iliyokuwa kwenye gari la baba yake. Dada wa Bukavu akaandika Franco, Tabu Ley, na wengine watatu wote wa Kinshasa.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza. Nikamwambia, “Dada, wewe ni mtu wa Kivu, umekua unasema Kiswahili. Mbona hakuna hata mmoja wa kwenu?” Akacheka, kisha akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Walikuwepo, kaka. Lakini nitakuchezea nini?”

Jamani, jibu lile nimelala nalo siku nyingi. Nilipozitazama zile karatasi sita upya nikaona jambo moja: hakuna hata mmoja wetu aliyemtaja mtu asiye na santuri wala kanda. Tulidhani tunachagua kwa moyo. Kumbe tulikuwa tunachagua ndani ya kapu ambalo wengine walikwisha kulijaza. Hebu tulifuate kapu lenyewe tangu mwanzo.

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwanamke wa kijiji cha Fumba aliyeanzia kwenye kufinyanga na kuuza vyungu, alipanda meli na wenzake kwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV. Shaaban Robert ameandika wasifu wake na wengi wenu mmeusoma. Sisi tunamkumbuka kwa haki, alikuwa fundi. Lakini Unguja ya wakati ule ilikuwa na waimbaji chungu nzima, wa taarab, wa ngoma, wa lelemama. Ikhwani Safaa yenyewe ilikuwa imeanza tangu 1905. Walioingia kwenye santuri wamebaki na majina, na waliobaki barazani wakaondoka na baraza lao. Sisemi kwamba Siti asingestahili. Nasema kwamba leo hatuna namna ya kumlinganisha na jirani yake.

Miaka ya 50 na 60 kapu likahamia Mombasa na Nairobi. Wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi ndio walioshika biashara ya santuri: Assanand na lebo yao ya Mzuri huko Mombasa, Chandarana huko Kericho. Yule mzee wetu alifanya kazi utotoni kwenye duka moja la santuri, na anasema mwenye duka alikuwa na kipimo kimoja tu: mwimbaji ana watu wangapi watakaonunua mwezi huu? Basi. Kipimo cha biashara hakina ubaya, ila tusikiite kipimo cha ubora. Na huko Kongo mambo yalikuwa vivyo hivyo. Studio za lebo za Ngoma, Opika na Loningisa zote zilikuwa Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Mwanamuziki wa Bukavu alikuwa na zaidi ya kilomita 1,500 kati yake na maikrofoni. Ndiyo maana dada yetu, Mswahili mtupu, moyo wake unaimba Kilingala.

Njoo kwetu Tanzania. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi ilikwenda studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, ikarekodi, nyimbo zikapigwa hewani, na kanda za sauti zikabaki kwenye maktaba ya redio. Anayetaka santuri ilibidi kazi yake ivuke mpaka hadi Nairobi. Mbaraka Mwinshehe alivuka, kwanza na Morogoro Jazz, halafu na Super Volcano aliyoianzisha 1973, na ndiyo maana santuri zake mtu anazipata hata Toronto. Ndugu wawili Wilson na George Peter Kinyonga, walioanzia Jamhuri Jazz ya kwetu Tanga, wao walihamia kabisa Nairobi, wakaunda Simba Wanyika mwaka 1971. Kutoka humo, mwaka 1978, ndipo walipojitenga Les Wanyika wa kijana wetu.

Halafu 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mpaka 1983. Fikirieni maana yake. Mlimani Park, yaani Sikinde, ilianzishwa 1978, mpaka umekwisha fungwa. NUTA Jazz ya 1964 ilikuwa sasa inaitwa Juwata, na ushindani wa Sikinde na Msondo ulikuwa umewagawa watu wa Dar nusu kwa nusu kama Simba na Yanga. Muziki mtamu kabisa wa zama zile ulihifadhiwa na taasisi moja, redio ya taifa, pamoja na sisi raia tuliokuwa tunakaa na redio kaseti, kidole kwenye kitufe, tunaomba Mungu mtangazaji asiongee juu ya wimbo. Kanda hizo tulizonakiliana ndizo zilizosafiri kwenye masanduku yetu hadi Muscat, London na huku.

Mkono wa mwisho uliojaza kapu ulitoka Ulaya. Mwishoni mwa miaka ya 80 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa mfululizo wa muziki wa Zanzibar. Tangu 2005 Buda Musique ya Ufaransa, kwa kazi ya Mjerumani Werner Graebner, ikaanza mfululizo wa Zanzibara: juzuu ya kwanza Ikhwani Safaa, ya pili taarab ya Mombasa, na kuendelea mpaka dansi la Dar. Mimi nawashukuru, sina kinyongo, kazi ile sisi wenyewe hatukuifanya. Lakini mkono wa mgeni nao ni mkono unaochagua. Anachukua kilichobaki na kinachosikika vizuri, na aliyerekodiwa kwa mashine mbovu harusini hachukuliwi.

Sasa nirudi Thorncliffe, maana hapa ndipo linaponigusa.

Dada yangu alipofariki, watoto wake walinitumia boksi la kanda zake, 41 kwa hesabu. Kanda hizi sasa ni wazee kama sisi. Kile kisponji kidogo kinachobana utepe kimebanduka kwenye nyingi, na utepe wenyewe unakatika ukivutwa. Nilinunua deki ya mtumba, nikaanza kuzihamisha kwenye kompyuta moja moja. Nikaanza, bila kufikiri, kwa zile ninazozipenda: Sikinde, Mbaraka, Simba Wanyika. Kanda ya tano ikaliwa na deki, ikajikunja yote. Nikajua kwamba sitaziokoa zote, na kwamba mpangilio wangu wa kupenda ndio utakaoamua zipi zife.

Kwenye boksi lile kulikuwa na kanda moja isiyo na jina la bendi. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu: “Ngamiani, harusi, 1984.” Ni akina mama wa mtaa wetu wanaimba, vigoma viwili, makofi, na watoto wanalia nyuma. Hawakuwa na chama, hawakurekodi redioni, hakuna maktaba duniani yenye nakala. Nyimbo za Sikinde nilizokuwa nahangaika nazo zipo kwenye sidii, zipo kwenye intaneti, watu maelfu wanazo. Hii ninayo mie tu, na nilikuwa nimeiweka ya mwisho.

Niliiokoa dakika 22. Zilizobaki ni mvumo. Katikati ya wimbo wa pili kuna sauti inayopanda juu ya wenzake, nikasimamisha mashine, nikarudisha, nikasikiliza tena. Ni marehemu mama yangu. Sikuwahi kujua kwamba mama alikuwa ndiye anayeongoza.

Ndugu zangu, mtaa huu wetu wa Thorncliffe ulikuwa uwanja wa mbio za farasi mpaka mwanzoni mwa miaka ya 50, kabla ya maghorofa. Vijia viwili bado vinaitwa Grandstand Place na Milepost Place. Majukwaa yamebaki jina, na nguzo za maili zimebaki jina. Farasi walioshangiliwa hapa hakuna anayewakumbuka, kwa sababu waliokuwa wanapita hawakuachiwa kibao. Nisingependa muziki wetu ubaki hivyo, majina makubwa yamesimama na sauti zilizowazunguka zimefutika.

Basi karatasi yangu nimeiandika upya. Siti binti Saad, kwa kuwa alifungua mlango. Black Star ya Tanga, iliyoingiza gitaa na mwendo mpya kwenye taarab, na ambayo Mombasa iliifuata, wabishe wakitaka. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari huko Mombasa Januari 1979, akiwa hajatimiza hata miaka 35. Mlimani Park. Na namba tano nimemtoa Simba Wanyika, wallahi kwa maumivu, nimeweka akina mama wa Ngamiani wasio na jina la bendi.

Mtaniambia hiyo si bendi. Sawa. Lakini mie nadhani kila mmoja wetu angeandika orodha mbili: moja ya anaowapenda, nyingine ya wale ambao asipowatunza yeye hakuna mwingine. Ya kwanza tutabishana hadi asubuhi, na ni raha yetu. Ya pili haina ubishi, ina muda tu, na muda wenyewe ni mfupi. Fungueni masanduku yenu kabla hamjaandika majina.

Yule dada wa Bukavu ameniambia juzi kwamba amempigia simu shangazi yake, akamwomba aimbe kwenye simu, naye amerekodi nyimbo tatu. Ameniahidi kwamba mkutano ujao, nikimuuliza tena, atakuwa na cha kunichezea.

Naomba kuwasilisha.