Daftari la Hilali

Mwaka 1964, huko Gombe, magharibi mwa Tanzania, sokwe mmoja aliyeitwa Mike alipindua serikali kwa madebe. Mike hakuwa na mwili wa kutisha, na madume wengi walikuwa juu yake. Siku moja akaokota madebe matupu ya mafuta ya taa kambini kwa watafiti, akaanza kuyasukuma mbele yake akikimbia moja kwa moja kuelekea walikokaa wakubwa. Kelele ile! Wakubwa walitawanyika, halafu mmoja mmoja wakarudi kumpa heshima. Goliath, aliyekuwa akitawala, akashuka. Sisi tuliokulia Kibera hatuhitaji kuchorewa hiyo picha. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Hawakutuambia kwamba likivuma vizuri linaweza kukupa kiti.

Hadithi ya Mike tunaijua kwa sababu kuna watu walikaa kwenye nyasi, wakanyamaza, wakaandika. Nataka kuzungumzia hao watu. Si yule mmoja tu unayemjua.

Unayemjua ni Jane Goodall. Alipofariki tarehe 1 Oktoba 2025, kila mtu alipost picha yake akiwa na sokwe. Mimi nilianza kumsoma mapema kidogo, kwa sababu ya kibinafsi na ya kitoto: hakuwa na digrii. Alifika Kenya mwaka 1957, msichana wa miaka 23 aliyesomea kazi ya ukarani. Louis Leakey, mzaliwa wa misheni ya Kabete, si mbali na hapa Kawangware ninapoandikia, alikuwa akisimamia Makumbusho ya Coryndon, hiyo tunayoiita leo Makumbusho ya Kitaifa ya Nairobi. Akamchukua kama karani wake, kisha akampeleka kuchunguza sokwe. Leakey alitaka mtu ambaye chuo hakijamjaza majibu kichwani. Tarehe 14 Julai 1960 Jane alishuka kwenye mashua ufuoni mwa Ziwa Tanganyika, akiwa na mamake na mpishi wao, Dominic. Baadaye Cambridge ilimpokea asomee udaktari bila shahada ya kwanza.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo iliisha, mambo yakawa mengi, basi. Niliposoma habari za Jane nilizituma kwa group ya familia, kama mtu anayewasilisha ushahidi kortini. Mjomba akajibu kwa sentensi moja: "Na wewe Leakey wako ni nani?"

Enyewe liliniuma, kwa sababu lilikuwa swali sahihi. Ndipo nikaanza kutafuta wale wengine, ambao hakuna Leakey aliyewaandikia barua ya kwenda Cambridge.

Wa kwanza ni Rashidi Kikwale, aliyepanda naye vilima katika siku zile za mwanzo. Mwingine, na huyu ndiye aliyenishika, ni Hilali Matama. Alianza kazi Gombe mwishoni mwa miaka ya 1960. Yeye na wenzake walikuwa watu wa Kigoma, wengi kutoka vijiji vya jirani na hifadhi, na kwenye vitabu wanaitwa "wasaidizi". Hebu tuone walisaidia nini. Unaamka kabla ya jua, unakwenda chini ya mti ambako sokwe wako alilala jana. Akishuka, unamfuata. Akipita kwenye miiba, nawe unapita. Unaandika amekula nini, ametembea na nani, nani amemchambua manyoya, nani amemkwepa. Jioni akishajenga kiota chake ndipo wewe unashuka kwenda nyumbani. Kesho tena. Ili uweze hiyo kazi, lazima umjue kila mmoja kwa sura, kwa sikio lililochanika, kwa mwendo, na umjue mamake na ndugu zake. Ni kuishi kama mgeni katika jamii isiyo ya watu, yenye vyeo, urafiki na chuki zake, ambayo haikukualika.

Na maelezo yale waliyaandika kwa Kiswahili. Nilipogundua hilo nilisimama kidogo. Mojawapo ya kumbukumbu ndefu zaidi za maisha ya wanyama wa porini duniani iko kwa mkono wa watu wa Kigoma, kwa lugha ambayo shuleni kwetu ukiiongea siku ya Kizungu ulivishwa kibao shingoni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 jamii ile ya sokwe iligawanyika. Wengi wakabaki kaskazini, kundi la Kasakela. Wachache wakahamia kusini, kundi la Kahama. Tarehe 7 Januari 1974 Hilali alikuwa akifuata madume wa Kasakela. Wakavuka kimyakimya kuingia upande wa kusini. Wakamkuta Godi, kijana wa Kahama, anakula peke yake mtini. Aliruka, akakimbia, wakamkamata. Humphrey alimbana chini akamkalia kichwa, wengine wakampiga na kumng'ata kwa muda wa kama dakika kumi. Godi hakuonekana tena. Hakuna mtu aliyewahi kushuhudia kitu kama hicho kabla ya Hilali. Kinachoniumiza ni kwamba alimjua Godi. Aliwajua pia waliompiga, na alijua kwamba si miaka mingi iliyopita wote walikuwa kundi moja.

Mwezi Februari 1975 ikawa zamu ya Goliath, yule yule wa madebe, sasa mzee, meno yameisha. Alikuwa amehamia kusini. Kufikia mwisho wa mwaka 1977 Kahama haikuwa na dume hata mmoja.

Katikati ya vita hivyo, tarehe 19 Mei 1975, watu wenye bunduki walivuka ziwa kutoka Zaire, waasi wa Laurent Kabila, yule aliyekuja kuwa rais. Waliteka wanafunzi wanne wa kigeni. Wote waliachiliwa hatimaye, lakini baada ya hapo wageni wakaacha kukaa Gombe kama zamani. Kazi ingeweza kufa hapo. Haikufa. Hilali na wenzake waliendelea kupanda vilima na daftari zao, bila profesa wa kuwasimamia kila siku. Wapo wasomi waliokuja kudai kwamba vita vilisababishwa na ndizi ambazo sokwe walikuwa wakipewa kambini. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walichambua kumbukumbu za zamani za nani alikuwa na nani, wakaona ufa ulianza na madume watatu, Humphrey, Charlie na Hugh, waliogombea ukubwa. Bishano hilo linawezekana kwa sababu karatasi zipo.

Sasa, nakuona unaponiona naelekea. Taratibu. Sisemi watu wa Kibera ni sokwe. Wakoloni walishasema matusi ya aina hiyo vya kutosha, na mtu akitumia Gombe kueleza siasa za Waafrika, mimi huwa nafunga kitabu. Wanaonihusu hapa ni wale walioandika.

Nilikuwa na miaka minane Desemba 2007. Soko la Toi lilichomwa, reli ikang'olewa. Nchi nzima walikufa zaidi ya watu 1,100. Tulihama Kibera usiku, tukaja Kawangware, ambako tulidhani tumefika salama, mpaka Oktoba 2017 hapa 56 nako kukawaka. Mathe alikuwa na kibanda Gatwekera: sukari, unga, mafuta ya kupima. Usiku ule aliacha jiko, akaacha godoro. Alibeba mimi na daftari la madeni.

Bado analo. Nilimwomba wiki iliyopita, akanipa bila kuuliza, akaendelea kuchambua sukuma wiki. Limeandikwa kwa kalamu ya bluu, majina ya utani zaidi ya majina: Mama Mapacha, sukari nusu. Fundi Viatu, unga mbili, ameahidi Ijumaa. Baba wa Choir, mafuta ya ishirini. Tarehe ya mwisho ni 28 Desemba.

"Hawa walienda wapi?" nikamuuliza.

Alifuta mikono, akachukua daftari, akaanza juu kabisa. Huyu alirudi mashambani. Huyu tulikutana Kenyatta mwaka juzi, alikuwa kwenye foleni ya macho. Huyu alikuwa anatembea kama amebeba maji. Alisita kidogo.

"Huyu," akasema, akaweka kidole chini ya jina, "huyu sijui. Lakini alikuwa analipa."

Akafungua ukurasa uliofuata.